Vyumba Viwili, Kurasa Zilezile: Kusoma Historia na Siasa kwa Pamoja

Katika juma la nne la mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu niligundua kwamba nimepangiwa kusoma kurasa zilezile mara mbili. Siku ya Jumatatu, katika semina ya nadharia za siasa, tulisoma majadiliano ambayo Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliyaandika baina ya wajumbe wa Athens na viongozi wa kisiwa kidogo cha Melos, mwaka 416 kabla ya Kristo, Athens ilipowataka watu wa Melos wasalimu amri kabla ya vita kuanza. Siku ya Alhamisi, katika semina ya historia ya kale, tukazifungua kurasa hizohizo. Mhadhiri wa Jumatatu alitaka tuseme kama ni kweli kwamba haki huzungumzwa na walio sawa kwa nguvu tu, na kwamba kwingineko mwenye nguvu hutenda analoweza huku mnyonge akikubali linalomlazimu. Tulibishana kwa saa mbili, wengine wakitoa mifano ya dola za leo, na nilitoka nikiamini kwamba nimeshika kiini cha siasa yote. Mhadhiri wa Alhamisi aliuliza swali ambalo halikuwa limemjia yeyote kati yetu: katika chumba kile, ni nani aliyekuwa akiandika?

Thucydides hakuwapo. Alikuwa mmoja wa majenerali wa Athens, akashindwa kuuwahi mji wa Amphipolis ulipoangukia mikononi mwa Sparta mwaka 424, na kwa kosa hilo akaishi uhamishoni kwa miaka 20. Majadiliano ya Melos yalifanyika ndani ya miaka hiyo, tena mbele ya watu wachache, si mbele ya umma. Mapema katika kitabu chake anakiri wazi kwamba ilikuwa vigumu kukumbuka hotuba neno kwa neno, kwa hiyo aliwapa wasemaji maneno ambayo aliona hali iliwataka wayaseme, akikaa karibu kadiri alivyoweza na maana ya jumla ya yale yaliyosemwa kweli. Kisha mhadhiri akatuonyesha jambo ambalo naamini ndilo lililonizuia nisiache mojawapo ya masomo yangu mawili. Mara tu baada ya kusimulia jinsi wanaume wa Melos walivyouawa na wanawake na watoto wao kuuzwa utumwani, mwandishi anaanza habari za safari ya kivita ya Sisilia ya mwaka 415, safari iliyoishia kwa jeshi na merikebu za Athens kuteketea miaka miwili baadaye. Maneno tuliyokuwa tumeyachukua kuwa kanuni ya siasa yaliwekwa mahali pale na mtu aliyeishi hadi kuuona mwisho wa vita vya Athens na Sparta, ambavyo Athens ilishindwa, na aliyaweka vinywani mwa watu waliokuwa ukingoni mwa maangamizi yao wenyewe.

Kwa siku kadhaa niliona kwamba somo la Jumatatu lilikuwa limenidanganya. Baadaye nilielewa kwamba nilikosea kufikiri hivyo. Dai kuhusu nguvu na haki linaweza kuwa la kweli hata kama hakuna mjumbe aliyelitamka kwa maneno yale, na anayeishia kuuliza tu nani aliandika, lini na kwa nini, anaweza kumaliza maisha yake bila kusema lolote kuhusu jambo lenyewe lililoandikwa. Watu hudhani kwamba faida ya kusoma historia na siasa kwa pamoja ni kujua mambo mengi zaidi, yaani kuwa na mifano ya kale ya kupambia hoja za leo. Mimi naona faida ni nyingine kabisa: kila somo hukataa kukubali kile ambacho somo la pili hukiacha kipite bila kuhojiwa, na mwanafunzi aliye katikati hulazimika kujibu pande zote mbili kabla hajathubutu kuandika sentensi.

Kutenganishwa kwa masomo haya katika idara mbili ni jambo la karibuni. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikuwa amekwisha kuwatumikia watawala kadhaa wa Maghreb na kuonja jela huko Fez alipojitenga na kukiandika kitabu chake, Muqaddima, mwaka 1377. Alitaka kujua kwa nini tawala huinuka kwa mshikamano wa kundi, kile alichokiita asabia, kisha huanguka mshikamano huo unapolegezwa na raha za mjini, na hilo ni swali la siasa kwa kila kipimo. Hata hivyo anaanza kwa kuwakemea wanahistoria wanaonakili takwimu bila kuzipima, na mfano wake mashuhuri ni hesabu ya askari 600,000 waliodaiwa kuwa katika jeshi la Wana wa Israeli zama za Musa: anauliza jeshi kubwa namna hiyo lingewezaje kupangwa vitani, hata upande mmoja wa safu ujue kinachotokea upande wa pili. Nadharia yake na ukali wake juu ya ushahidi vilitoka katika kichwa kimoja, na sioni kwamba kimojawapo kingesimama bila mwenzake.

Mahali nilipolipia gharama ya kutolijua hilo ni katika mwaka wa pili. Idara ya siasa ilitupa swali kuhusu sababu za demokrasia kufa, Ujerumani ya Weimar, yaani jamhuri iliyodumu tangu mwaka 1919 hadi 1933, ikiwa mfano mkuu. Katika muhula uleule idara ya historia ilituuliza kwa nini Adolf Hitler aliteuliwa kuwa Kansela tarehe 30 Januari 1933. Nikaona nimepata bahati. Niliunda hoja moja na kuitumia katika insha zote mbili: kwamba jamhuri ile iliuawa na katiba yake ya mwaka 1919, kwa kuwa mfumo wa kugawa viti kwa uwiano wa kura uliligawa Bunge, Reichstag, katika vyama vingi visivyoelewana, na ibara ya 48 ikampa Rais uwezo wa kutawala kwa amri za dharura. Nilikuwa na nadharia, nilikuwa na ibara, na nilikuwa na uhakika.

Insha ya historia ilirudi ikiwa na maandishi ya penseli pembeni: umenieleza kwa nini jambo hili lingeweza kutokea, lakini hujanieleza kwa nini lilitokea. Msahihishaji aliniagiza nianze na swali dogo, kwamba ibara ya 48 ilitumiwa na nani, na lini. Nilipofuatilia nikakuta kwamba Rais wa kwanza, Friedrich Ebert, aliitumia zaidi ya mara 100, mara nyingi kuilinda jamhuri dhidi ya maasi na kuanguka kwa sarafu, na jamhuri ikapona. Ibara ileile mikononi mwa Rais Paul von Hindenburg, kuanzia mwaka 1930, ilikuwa njia ya kuendesha serikali bila Bunge. Maneno ya katiba hayakubadilika. Waliobadilika ni watu na malengo yao. Nikarudi kwenye matokeo ya uchaguzi, ambayo nilikuwa nimeyatazama kama mteremko ulionyooka. Chama cha Nazi kilikuwa na viti 12 tu kabla ya Septemba 1930, kikapata 107 mwezi huo, kisha viti 230 na asilimia 37 ya kura mwezi Julai 1932. Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipopendeza. Kumbe Novemba mwaka huohuo chama kilipoteza kura zaidi ya milioni mbili, kikashuka hadi asilimia 33 na viti 196, kikabaki na madeni na manung'uniko ya ndani. Hitler hakuteuliwa akiwa kileleni. Aliteuliwa alipokuwa anashuka, baada ya Franz von Papen, aliyekuwa na kinyongo na Kurt von Schleicher kwa kumnyang'anya ukansela, kukutana na Hitler katika nyumba ya mwenye benki mmoja mjini Cologne tarehe 4 Januari, na baada ya wiki nyingine tatu za kumshawishi Rais mwenye umri wa miaka 85 kwamba mawaziri wa kihafidhina wangemdhibiti mtu huyu. Katika baraza la kwanza Wanazi walikuwa watatu tu, yeye mwenyewe akiwamo.

Nilipoyasoma hayo nilihisi kwamba nadharia zote hazina maana, na katika kuiandika upya insha ya siasa nikajaza siku na mikutano, nani alimwona nani na saa ngapi. Nayo ikarudi. Mhadhiri wa siasa aliandika sentensi moja ambayo nimeibeba tangu siku ile: yote haya ni kweli, lakini ni mfano wa nini? Nilipokwenda kumwona ofisini alinieleza kwa subira kwamba nimeigeuza habari ya kuanguka kwa taifa kuwa habari ya fitina za wazee wanne, na nikisimulia hivyo nitashindwa kueleza kwa nini fitina za wazee wanne zilikuwa na uzito wowote. Zilikuwa na uzito kwa sababu tangu mwaka 1930 serikali ilikuwa imeacha kuegemea kura za wabunge, ikawa inaegemea saini ya mtu mmoja, na mahali ambapo saini moja inatosha, wale wanaomzunguka mwenye kalamu huwa ndio bunge. Hilo ni jambo la mfumo, na halionekani kwa kusoma shajara ya Januari 1933 peke yake.

Kisha akanituma nikalinganishe. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 haukuikumba Ujerumani pekee. Nikasoma habari za Ufini, nchi ambayo ilikuwa imepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918 na ambayo ilikuwa na vuguvugu kali la mrengo wa kulia, lile la Lapua, lililowateka nyara na kuwapiga wapinzani wake. Mwaka 1932 wafuasi wa vuguvugu hilo walikusanyika wenye silaha huko Mäntsälä wakidai serikali ijiuzulu. Rais Pehr Evind Svinhufvud alikuwa mhafidhina ambaye wao wenyewe walikuwa wamemwona kuwa mtu wao. Alizungumza redioni akawaambia waasi warudi majumbani, nao wakarudi; vuguvugu likapigwa marufuku, na demokrasia ya Ufini ikaendelea. Kuna mengi yaliyozitofautisha nchi hizi mbili, wala sidai kwamba hotuba moja inatosha kuwa maelezo. Hata hivyo, ulinganishi ule ulinifungua macho kuona kitu ambacho shajara za Berlin zisingenionyesha, kwamba wahafidhina wenye mamlaka walikuwa na uchaguzi wa kufanya, na kwamba swali la kuuliza kuhusu Ujerumani halihusu wapiga kura tu, kwani linawahusu pia wale walioushika mlango.

Nikiulizwa leo masomo haya mawili hukutana wapi, nitaanzia hapo. Historia inamkataza mtu kudhani kwamba lililotokea ndilo pekee lililowezekana, kwa sababu inamrudisha kwenye siku ambayo wahusika hawakujua kesho, na inamwonyesha Novemba 1932 jinsi ilivyoonekana kwa watu wa Novemba 1932, ambao baadhi yao waliamini hatari imekwisha. Siasa inamkataza kudhani kwamba lililotokea ni la pekee kiasi cha kutofanana na chochote. Nimewaona wanafunzi wa somo moja tu, wazuri kuliko mimi katika somo hilo, wakianguka kwa urahisi katika mojawapo ya makosa haya bila kujua kuwa wameanguka.

Kuna jambo la pili, na ni la ushahidi. Katika masomo ya siasa za kimataifa, mgogoro wa makombora ya Kuba wa Oktoba 1962 hufundishwa kama maabara: siku 13, mataifa mawili yenye silaha za nyuklia, Marekani na Umoja wa Kisovyeti uliokuwa umeweka makombora Kuba, na kundi dogo la washauri wakiamua. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya yaliyojulikana kuhusu chumba kile ilitokana na kumbukumbu za Robert Kennedy, ndugu wa Rais, zilizochapishwa mwaka 1969 baada ya kuuawa kwake. Funzo ambalo wengi walilitoa humo lilikuwa kwamba uthabiti hulipa: Marekani ilisimama imara, na kiongozi wa Kisovyeti, Nikita Khrushchev, akarudi nyuma. Nadharia kadhaa za namna ya kumtishia adui ziliegemea kisa hicho, na sisi katika semina tulizijifunza kana kwamba msingi wake ni mwamba.

Lakini Rais John Kennedy alikuwa amefunga vinasa sauti kwa siri, na kanda zake zilipofunguliwa na kuandikwa katika miaka ya baadaye zilimwonyesha tarehe 27 Oktoba akirudia mbele ya washauri wake, ambao wengi wao walipinga, kwamba kubadilishana makombora ya Kuba na yale ya Marekani yaliyokuwa Uturuki ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye busara angeliona la haki. Usiku ule ndugu yake alimpa balozi wa Kisovyeti, Anatoly Dobrynin, ahadi ya siri kuhusu Uturuki, na kufikia Aprili 1963 makombora yale yalikuwa yameondolewa. Mwaka 1989, katika mkutano mjini Moscow, Theodore Sorensen, aliyeuhariri mswada wa kumbukumbu zile, alikiri kwamba alikuwa ameondoa maneno yaliyoonyesha wazi kuwa Uturuki ilikuwa sehemu ya mapatano. Kwa hiyo kwa miaka 20 wanafunzi wa siasa walijengewa kanuni juu ya ukurasa uliokatwa. Nilipoligundua hilo nilikaa maktabani nikiwa nimeduwaa, kwa kuwa hakukuwa na kosa lolote katika mantiki ya wale waandishi wa nadharia; kosa lilikuwa katika kutouliza kumbukumbu zile zilipitia mikono ya nani. Tangu hapo sisomi jedwali lolote la vita na mapatano, hata lile lenye maelfu ya safu, bila kukumbuka kwamba kila tarakimu ndani yake ni mtu fulani aliyesoma hati fulani na kuamua aiweke katika kundi gani.

Upande wa pili wa hatari hiyo ni viongozi wanaoitumia historia kama kioo cha kujitazamia. Gamal Abdel Nasser alipotaifisha Mfereji wa Suez tarehe 26 Julai 1956, Waziri Mkuu wa Uingereza Anthony Eden, aliyekuwa amepinga sera ya kuwaridhisha madikteta katika miaka ya 1930, alimwona Nasser kuwa Mussolini mwingine, yaani kama yule dikteta wa Italia, na kwa mtazamo huo kutopigana kungekuwa kurudia aibu ya Munich ya mwaka 1938, Uingereza na Ufaransa zilipomwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia. Akapigana pamoja na Ufaransa na Israeli, akalazimishwa kusimama kwa shinikizo la Marekani, na Januari 1957 akajiuzulu. Eden aliijua historia ya miaka ya 1930 kuliko sisi sote, maana aliishi ndani yake. Alichokosa ni lile swali la mhadhiri wangu wa siasa, kwamba hiki kilicho mbele yangu ni mfano wa nini, na ni kwa vipimo gani nimeamua hivyo.

Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho niliiandika juu ya azimio la mipaka lililopitishwa na wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwezi Julai 1964, ambalo lilizitaka nchi wanachama ziheshimu mipaka iliyokuwapo zilipopata uhuru. Nililichagua kwa sababu kila idara ilikuwa na maelezo yake tayari, na yote mawili yaliniudhi. Katika vitabu vya siasa niliambiwa kwamba viongozi wale walikuwa na maslahi yaleyale: kila mmoja aliogopa kwamba akigusa mpaka wa jirani, wake nao utaguswa. Katika masimulizi mengi ya historia niliambiwa kwamba mipaka ilichorwa Berlin mwaka 1884 na 1885, na waliofuata waliirithi tu. Maelezo haya ya pili hayana usahihi hata katika mwanzo wake. Mkutano wa Berlin uliweka kanuni za kumiliki pwani na za usafiri katika mito ya Kongo na Niger. Mistari mingi tunayoiona kwenye ramani ilichorwa baadaye katika mikataba ya nchi mbilimbili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890.

Maelezo ya kwanza yalikuwa na nguvu zaidi, na kwa muda mrefu nilishindwa kuona kasoro yake. Msimamizi wangu wa upande wa historia ndiye aliyeniuliza: ikiwa maslahi yalikuwa dhahiri hivyo, kwa nini haikuwa mwaka 1958? Nikaenda kutazama. Desemba mwaka huo, mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra ulilaani mipaka ya bandia iliyochorwa na wakoloni, ukataka ifutwe au irekebishwe mapema. Miaka sita tu baadaye viongozi waliikubali mipaka ileile. Katikati yake kuna mambo yenye tarehe. Mwezi Mei 1963, umoja ulipoasisiwa Addis Ababa, Somalia ililileta wazi mbele ya wajumbe dai lake la maeneo ya Wasomali yaliyo katika nchi jirani na ikajibiwa kwa ukali. Oktoba mwaka huo Moroko na Aljeria zikapigana jangwani hadi Modibo Keïta wa Mali na Mfalme Haile Selassie walipoingia kati. Mwanzoni mwa mwaka 1964 Ethiopia na Somalia zikapigana. Hofu ambayo nadharia iliichukulia kuwa ilikuwapo daima ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Hata Julius Nyerere, aliyelileta azimio lile Cairo, alikuwa mtu aliyetamani umoja uliovuka mipaka, na kumwona kuwa mlinzi wa mstari wa mkoloni ni kumsoma nusu.

Na bado, kama ningeishia hapo, ningeandika kana kwamba Afrika ilikuwa imefanya jambo la ajabu ambalo halijapata kutokea. Msimamizi wa upande wa siasa hakuniruhusu. Alinituma Amerika ya Kusini ya karne ya 19, ambako jamhuri zilizozaliwa kutoka himaya ya Uhispania zilikubaliana kushika mipaka ya majimbo ya zamani ya kikoloni, na ambako kanuni hiyo haikuzuia vita pale ambapo karatasi za mkoloni hazikueleweka: Paraguay na Bolivia ziliuana kwa ajili ya Chaco kati ya mwaka 1932 na 1935. Mwaka 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua shauri la mpaka wa Burkina Faso na Mali, iliisema kanuni hiyo kuwa ya jumla, isiyo ya bara moja. Nilipoziweka habari hizi pamoja nikaona kwamba hata nchi mpya zilizotambuliwa baadaye, Eritrea mwaka 1993 na Sudan Kusini mwaka 2011, zilijieleza kwa mistari ya zamani, Eritrea kwa mpaka wa koloni la Italia na Sudan Kusini kwa mpaka wa mikoa wa tarehe 1 Januari 1956. Hoja niliyoitetea mwishoni ilikuwa ndogo kuliko niliyoanza nayo, na nilijivunia udogo wake: kwamba maslahi yanaeleza kwa nini azimio limedumu, ilhali vita viwili vya mwaka mmoja vinaeleza kwa nini liliandikwa, na kwamba haya ni maswali mawili ambayo huvaa maneno mamoja.

Kwa anayefikiria kuchukua njia hii, niseme pia mambo ya kawaida, maana nilitamani mtu aniambie. Utakuwa mgeni wa kudumu katika idara mbili. Ratiba zitagongana, na hakuna idara itakayohisi kwamba ugumu wako ni wake. Insha za historia zitataka tanbihi chini ya kila ukurasa na masimulizi yanayobeba hoja taratibu. Za siasa zitataka dai lako liwe katika aya ya kwanza, na uonyeshe ni ushahidi gani ungekufanya ulikane. Usijaribu kutafuta mtindo wa katikati utakaowaridhisha wote. Jifunze mitindo yote miwili kama lugha mbili. Usiikimbie takwimu: niliahirisha somo la takwimu hadi mwaka wa tatu kwa woga, na kwa sababu hiyo kwa miaka miwili nilizikubali au kuzikataa tafiti kwa hisia tu. Kuhusu kazi baada ya shahada, wenzangu wako katika sheria, uandishi wa habari, utumishi wa umma na ualimu, na swali hilo linastahili makala yake.

Kama ningerudi mwanzo, ningebadilisha jambo moja tu: ningeanza lugha ya kigeni katika muhula wa kwanza. Katika kuandika juu ya Moroko na Aljeria nilitegemea tafsiri za watu wengine, na mara mbili nilikuta tafsiri mbili za sentensi moja ambazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, moja ikizungumzia mpaka kuheshimiwa na nyingine mpaka kukubaliwa, wakati tasnifu yangu nzima ilitegemea tofauti ya maneno hayo. Sikuwa na namna ya kuamua. Niliziandika zote mbili katika tanbihi, nikamweleza msomaji kwamba siwezi kuchagua, na juma lililofuata baada ya kuikabidhi tasnifu nikajiandikisha katika darasa la Kifaransa la wanaoanza, ambalo naendelea nalo hadi sasa, kila Jumanne na Ijumaa jioni.